Chumba cha mgeni kimejaa vitu vya mgeni

Shangazi yangu alikuja toka Pangani mwezi wa nne mwaka jana, masika imekolea, na kama kawaida yake hakupiga simu, nashtukia tu hodi saa kumi na moja jioni, kashika kikapu cha ukili kina nazi sita na samaki wa kukaanga kafungwa kwenye gazeti, kanga imelowa mpaka magotini. Nikamkaribisha, akaoga, akala, tukapiga soga mpaka ikafika saa ya kulala. Hapo ndo nikaanza kuzunguka zunguka. Maana chumba cha wageni ninacho, nyumba yetu hapa Makorora, Tanga, ina vyumba vitatu na kimoja tangu tunahamia tulisema hiki cha wageni, kina kitanda cha tano kwa sita kabisa, ila kitanda chenyewe sikumbuki mara ya mwisho nimekiona lini. Juu yake kulikuwa na maboksi, feni mbovu mbili, kigodoro cha mtoto ambaye sasa hivi yuko chuo, na mabegi manne ya shangazi kaja (ndio, yale yale, na siku hiyo shangazi mwenyewe kaja).

Akasimama mlangoni akachungulia. Akacheka kwanza. Kisha akauliza, "Hivi vyote vya nini mwanangu?" Nikamwambia vingi humo ni vya wageni shangazi, masahani mazuri, mashuka, mito, hotpoti za kupelekea chakula. Akanitazama weee. "Mgeni gani huyo unayemtunzia, mbona miye simo?"

Akalala kwenye sofa. Bibi wa miaka sabini na kitu, mvua inapiga bati, miguu inaning'inia kwenye mkono wa sofa niliyoinunua kwa mkopo ambao hata sitaki kuuongelea hapa. Mie sikulala.

Asubuhi alivoondoka nikaingia na ndoo na fagio nikidhani ni kazi ya siku moja. Ilichukua Jumamosi sita.

Nianze na akiba, maana ndo ilinitia aibu mapema. Si tunasema akiba haiozi? Basi ya kwangu ilikuwa na fukusi. Mfuko wa unga wa ngano nilioununua Ramadhani, sijui hata ni Ramadhani gani, umeganda umekuwa tofali na ndani yake wadudu wanafanya maandamano. Mchele nao hivo hivo. Na Tanga hii kwa unyevu wake hakuna kinachosalimika, mashuka mapya kwenye nailoni yake hayajafunguliwa yameota madoa meusi, kitabu cha picha za harusi yetu kurasa zimegandana. Chini ya kitanda nikavuta boksi nikakuta miche ya sabuni, ile ya kipande kirefu, kumi na mmoja. Pembeni yake kiroba kizima cha mifuko ya rambo niliyoikusanya miaka ile. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchi hii tangu 1 Juni 2019, kukutwa nayo tu faini inaanzia 30,000, na mie nimeilalia kiroba kizima kama mhalifu, na hata haina maana tena, ukiigusa inasagika kama majani makavu.

Ile sabuni lakini nilikaa nayo chini nikaitazama, maana nilijua imetoka wapi.

Nimezaliwa 1974. Nilipoanza kupata akili ya kukumbuka vitu ndo vita ya Kagera imeisha na nchi imekauka, wenye umri wangu wanaelewa, hakuna sukari, hakuna sabuni, hakuna dawa ya meno, nguo tukawa tunafulia majani ya mpapai, na yanatoa povu kweli, ila shati jeupe likifuliwa nayo mara tatu halirudi tena kuwa jeupe. Sukari inagawiwa kwa balozi wa nyumba kumi. Mama ananiamsha alfajiri naenda duka la ushirika na jiwe, naliweka kwenye mstari, jiwe ndo linashika nafasi yako, kisha nakaa pembeni nasinzia, na ole wako ukikuta mtu kalisogeza. Halafu 1983 ikaja ile operesheni ya wahujumu uchumi, Sokoine ndo Waziri Mkuu, waliokuwa wameficha vitu wakaviogopa, tukawa tunasikia fulani katupa katoni za sabuni usiku, fulani kamwaga mafuta. Yani sie tunafulia majani na mwingine anatupa sabuni gizani. Mtoto wa miaka tisa ukisikia habari hiyo haikutoki.

Kwahiyo nikajua nani kaiweka ile miche chini ya kitanda. Yule mtoto wa foleni bado anaishi humu ndani na bado anaamini sabuni itaisha kesho. Ndo maana watu wakianza zile hadithi za zamani maisha yalikuwa mepesi, hatukuwa na mavitu mengi na tulikuwa na furaha, mie huwa nanyamaza. Hatukuwa na mavitu kwa sababu hayakuwepo! Mama yangu angepata kabati la milango mitatu siku ile angelijaza kabla ya magharibi.

Ila kuna kitu kingine ambacho kilikuwepo na sasa sikioni, na hiki nimekielewa nikiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi.

Tumekulia Ngamiani, barabara ya 12, kwenye nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, vitatu huku vitatu huku, ukumbi katikati, uwani nyuma na choo kimoja. Familia tano. Chumba chetu kilikuwa na kitanda cha kamba, ile tunaita teremka tukaze, kimewambwa kwa kamba za usumba, na kama hujui usumba unavopatikana, makumbi ya nazi yanafukiwa kwenye tope la ufukweni miezi, yanaoza, wanawake wanayafukua wanayaponda mpaka zinabaki nyuzi, ndo zinasokotwa. Kamba inalegea baada ya muda, ukilala usiku unajikuta umezama katikati kama uko kwenye mtumbwi, basi asubuhi ni teremka, tukaze. Chini ya kitanda sanduku la bati la mama. Ukutani misumari minne, nguo za watu wanne. Jamvi, taa ya chemli moja na vibatari viwili, basi.

Lakini hiyo ni chumba. Nyumba nzima ilikuwa na vitu, sema vilikuwa vinatembea. Mbuzi za kukunia nazi zilikuwa mbili kwa familia tano, moja ya mama na moja ya jirani wa chumba cha mbele, na kifumbu kilichokuwa kizuri ni kimoja. Kinu kilikuwa kimoja, cha mama mwenye nyumba, kimekaa uwani hakiondolewi. Pasi ya mkaa ilikuwa ya fundi cherehani wa chumba cha pili, na usiku wa kuamkia Idd ilikuwa na zamu kabisa, inaanza kwake inamalizia kwa yule mwalimu wa madrasa, mkaa unatoka kwako, ukiirudisha imwage majivu. Ngazi ilikuwa ya nyumba ya pili. Masufuria makubwa ya shughuli yalikuwa ya mtaa, yanakaa kwa mtu mmoja na daftari lake. Kazi yetu watoto ilikuwa ni hiyo, nenda kaseme mama anaomba umwazime ungo, nenda kamwambie akimaliza mbuzi ailete na sie tunataka kupika. Wahenga wanasema nguo ya kuazima haisitiri matako, sawa, ila pasi ya kuazima ilininyoosha sare ya shule miaka saba.

Sisemi ilikuwa pepo. Watu waligombana. Kinu kiliwahi kupasuka na hakuna aliyekubali kuwa ndo alikitwangia mara ya mwisho, wanawake wawili hawakusemeshana toka mfungo mosi mpaka mfungo nne. Na aliyekuwa anaazima sana anasemwa, tena anasemwa hivi hivi anasikia, na mara nyingi alikuwa ni mama. Mie ndo nilikuwa natumwa, mie ndo niliyekuwa nasimama mlangoni kwa watu naona mtu anavyovuta pumzi kabla hajasema haya chukua. Nilijiapia kabisa, nikiwa na kwangu sitaazima kitu. Nikapata kazi, nikaolewa, nikaanza kununua.

Basi Jumamosi ya pili hapa nikavitoa vyote barazani nikavipanga. Mbuzi za nazi tatu. Na ninatumia blenda! Blenda zenyewe mbili, moja haina kifuniko. Mabeseni sita. Hotpoti kumi na tisa, za kuozeshwa, za kichen pati, za kurudishiwa michango, kuna seti bado ina utepe wa zawadi na jina la mtoaji kwenye kikaratasi. Pasi tatu. Jirani wa kushoto ana ngazi yake, wa kulia ana ngazi yake, sie tuna ngazi yetu, na nyumba zote tatu ni za chini, hata mwizi hahitaji ngazi. Kila mtu kajenga ukuta wake na ndani ya ukuta kaweka kila kitu asije akagonga kwa mwenzie. Hicho ndo kimejaa kwenye chumba changu cha wageni, ile pumzi ya watu mlangoni niliyoikimbia.

Halafu nikaanza kukuta vyombo ambavyo si vyangu.

Hii nieleze vizuri. Kwetu ukiletewa futari au biriani au hata vitumbua vitatu kwenye sahani, sahani hairudi tupu. Utaiosha, utasubiri siku umepika kitu, utaweka, ndo unamtuma mtoto. Hata sukari kidogo, hata embe mbili. Mie kwa kazi za kutoka saa moja asubuhi kurudi magharibi, ikawa sahani inakuja, naiosha, naiweka juu ya friji nikisema Ijumaa nikipika ntairudisha. Ijumaa inakuja nimechoka, tunakula ugali na dagaa, nani utampelekea dagaa. Sahani inahama toka juu ya friji inaenda kabatini, toka kabatini inaenda chumba cha wageni. Nilikuta vyombo kumi na tatu vya watu. Masinia mawili, bakuli za bati, sahani za maua, kawa moja ya ukili iliyosukwa vizuri sana mpaka nikaona haya. Nikaelewa na kitu kingine, kwanini miaka ya karibuni Ramadhani siletewi tena futari kama zamani. Nilikuwa nasema watu wamebadilika, kumbe vyombo vyao ninavyo mie!

Nilivigeuza chini. Wanawake wa hapa wanaotoa vyombo kwenye shughuli wanavitia alama, rangi ya kucha nukta mbili, au msumari umekwaruza herufi, au uzi mwekundu kwenye mkono wa sufuria. Nikaanza kusoma kama barua. Herufi M na nukta, huyu wa nyumba ya kona. Pinki ya kumeta, huyu binti wa saluni. Wiki hiyo nzima nikapika, sikuwa na namna, nikakaanga vitumbua, nikachoma mikate ya kumimina, Jumapili nikaenda soko la samaki la Deep Sea mapema nikapata changu wazuri nikapika mchuzi wa nazi, na mwanangu wa mwisho, ambaye hajawahi kutumwa kwa jirani maisha yake yote, akawa anazunguka na masahani mtaani analalamika kama kapewa adhabu. Anarudi ananiambia, mama, yule bibi amelia. Bibi wa watu bakuli lake alilitoa msiba wa mumewe, 2016.

Baba watoto yeye alikuwa upande wa upinzani. Ana boksi lake la nyaya, chaja za simu ambazo kampuni yake haipo tena, na redio mbili zilizokufa. Kila ukigusa, acha, hiyo inatengenezeka. Nikamuuliza tangu lini inatengenezeka, akasema tangu ilipoharibika. Tukakubaliana boksi moja tu, likijaa linaloingia litoe jingine. Feni, mabati, kitanda cha chuma kilichokatika na masufuria yaliyotoboka nikampa yule kijana wa vyuma chakavu anayepita na guta, akapima, nikapata 14,500, nikanunua mkaa. Baiskeli ilitaka kwenda nayo, fremu ya Phoenix ya tangu enzi za baba mkwe, hapo baba watoto akaikumbatia kabisa. Nikasema haya, kama inatengenezeka leo ndo leo. Akaenda kwa fundi akarudi anaendesha. Tanga hii tambarare, baiskeli ni mji wenyewe, sie tulikuwa tumejisahau tu na bodaboda. Sasa anaenda nayo Mgandini sokoni na kazini, na ile 3,000 ya bodaboda ya kila siku kwenda na kurudi naingiza kwenye kibubu, haijawahi kuwa hadithi ndogo hiyo ukiihesabu mwisho wa mwezi.

Nguo ndo zilinichelewesha. Si za mitumba, hizo niligawa bila huruma, isipokuwa nilifanya ujinga mmoja, alipita yule wa mali kwa mali anayebadilisha nguo kwa vyombo, nikampa nguo tisa nikarudi ndani nimeshika beseni jekundu. La saba. Mwanangu akanitazama tu.

Kilichonisimamisha ni sare za harusi. Madera na vitenge ishirini na tatu, kila kimoja kimevaliwa siku moja, kila harusi ina sare yake, ukumbini ukionekana na ya mwaka jana unaambiwa hukuchangia. Nilivihesabu nikapiga hesabu ya kitambaa na fundi, nikaacha kuhesabu katikati. Nikakumbuka kanga ya mama. Doti moja mpya kwa mwaka akijaliwa, na kanga hiyo ilikuwa na maisha marefu kuliko ndoa za siku hizi. Mwaka wa kwanza ni ya kutokea, harusini, hospitali, kwa wakwe. Ikipauka inakuwa ya nyumbani. Ikilainika sana hiyo ndo tamu, anabebewa mtoto, anafunikwa mtoto, na mdogo wangu alikuwa hapati usingizi bila pembe ya kanga ile mdomoni. Ikichanika kipande kimoja kinakuwa cha kujisitiri wanawake siku zao, kingine ni kishikio cha sufuria, kingine kinapangusia taa ya chemli, maana kioo cha taa kinataka kitambaa laini. Mwisho kabisa uzi wake unakuwa utambi wa kibatari. Yani kanga ile haikuwahi kutupwa, iliwaka. Mie nina kanga arobaini na sijui hata moja ilikuwa na maneno gani.

Sare zile kumi nimempelekea fundi anatengeneza mifuko ya sokoni na foronya, na harusi mbili tangu hapo nimeenda na nguo yangu ya zamani. Ya kwanza walininong'ona. Ya pili alikuja mwenzangu mmoja naye kavaa ya zamani akakaa karibu yangu, hatukusema kitu, tukala pilau.

Kuna neno moja la mabeseni halijaniisha rohoni. Nchi hii mkonge uliingia 1893, mjerumani Hindorf ndo aliuleta, na mkoa wetu ukawa ndo mkonge wenyewe, babu zetu wamekata, reli imebeba, mwaka 1964 nchi ilitoa zaidi ya tani 200,000. Kamba za dunia zilikuwa zinatoka hapa. Kisha zikaja kamba za nailoni, bei ya mkonge ikaporomoka, mashamba mengi yakageuka pori. Sasa mie mjukuu wa mkata mkonge nina kamba ya kuanikia ya plastiki, mazulia ya plastiki na mabeseni saba ya plastiki, na kikapu pekee cha ukili ndani ya nyumba ni kile alichosahau shangazi. Nimenunua brashi ya mkonge ya kusugulia sakafu. Sijui kama inasaidia uchumi wa mkoa ila sakafu inasugulika.

Chumba kiko wazi sasa, kitanda kinaonekana, dirisha linafunguka, upepo wa baharini unapita. Shangazi amekuja tena Idd, kalala humo, asubuhi kaniambia godoro laini mno, mgongo unamuuma, akaomba mkeka akalala chini. Nikaenda kuazima mkeka kwa jirani wa kulia. Alivuta pumzi kidogo, nimemsikia, kisha akasema ngoja nikuchagulie ule mkubwa.

Vile vyombo kumi na tatu vimerudi kumi na mbili. Limebaki sinia moja kubwa la bati, chini lina alama mbili za rangi ya kijani na mkwaruzo mmoja pembeni kama namba saba, nimeuliza mtaa mzima mpaka Kwaminchi hakuna anayelijua. Mwenye nalo lipo kwangu. Ila ukija kulichukua nitumie mtu mapema, nikaange kitu.